Mngoni Alipoufuata Mpira Wake

Usiku ule nililala na viatu vya kazi miguuni, kamba zimefungwa, kwa sababu alfajiri binti yangu Neema alikuwa anaondoka na gari nililolifufua kwa mikono yangu, na mimi sipendi mtu aniwahi kuamka nyumbani kwangu. Mvua ilikuwa inanyesha. Najua ilikuwa inanyesha kwa sababu niliiona dirishani.

Kabla sijasimulia ndoto, nikueleze kilichokuwa mbele yetu, usije ukadhani ni ndoto ya mzee aliyeshiba ugali.

Mimi ni fundi wa magari hapa Mafinga. Darasa la nne liliniacha njiani na mimi sikurudi kulitafuta. Nyumba hii, shamba la miti kule nyuma, watoto waliosoma, vyote vimetoka chini ya boneti. Sikuomba mtu.

Gari lenyewe ni la zamani, la viti viwili, liko chini kama kobe lakini lina mbio. Waliliacha wazungu wa mashamba ya chai, nikalikuta kwenye banda, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Neema alikuwa analipeleka Dar es Salaam kwenye maonyesho ya magari ya kale. Na kutoka kwetu kwenda Dar lazima uteremke Kitonga. Asiyeijua Kitonga nimwambie: mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono wa pili bonde, na katikati malori yanafuatana pua kwa mkia. Ukipatwa na jambo pale, pa kusimama hapana.

Gari hili lina kabureta mbili, pacha. Injini inavuta hewa kama mtu avutavyo pumzi. Hewa ikipita kwenye koo la kabureta inanyonya petroli kidogo kutoka kibakuli kilicho ubavuni, vinachanganyika, vinakwenda kuungua. Ndani ya kile kibakuli kuna boya la shaba, tupu ndani, linaelea. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma kisindano kinachoziba mlango. Petroli ikipungua, boya linashuka, mlango unafunguka. Ni kazi ileile ya boya la tangi la choo cha kuvuta, hakuna uchawi. Sasa boya likitoboka, hata katundu ka kupita unywele, petroli inaingia ndani yake, linakuwa zito, halipandi. Mlango unabaki wazi. Petroli inajaa, inamwagika. Na kwenye gari hili, chini ya kabureta iko ekzosi, bomba la moshi, imekaa pale kama jiko chini ya sufuria.

Ndiyo maana fundi akishalitoa boya hulitikisa sikioni. Kama limekunywa petroli, utaisikia inacheza. Nililitikisa la mbele, nikalitikisa la nyuma. Kimya. Nikayarudisha. Kisha nikafungua swichi bila kuwasha injini. Kule nyuma kuna pampu ya umeme inayovuta petroli kutoka tangini. Inagonga tik tik tik mpaka vibakuli vijae, halafu inanyamaza. Ikiendelea kugonga na injini imelala, ujue petroli inapotea mahali. Niliinama nikasikiliza. Kimya. Nikafunga boneti, nikafuta mikono.

Jioni, tunakula, Neema akasema, "Baba, mbona lile gari linanuka petroli?"

"Gari la kabureta hunuka petroli kama mama anayenyonyesha anavyonuka maziwa. Ukitaka lisilonuka, panda baiskeli."

Akacheka. "Nimekuuliza mara mbili. Ya kwanza hukunisikia."

"Nilikusikia. Sikutaka kujibu."

"Haya, Baba. Hospitali siku hizi wanapima masikio."

"Wakapime ya kwao."

Akaniangalia kidogo, akaendelea kula. Yeye ana adabu, kasoma, anajua pa kukoma.

Sasa Ngonyani. Huyu alikuwa fundi mwenzangu tangu ujana wetu, Mngoni wa Songea, na mimi Mhehe, kwa hiyo watani. Nani asiyejua utani wa Mhehe na Mngoni? Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia matusi tugawane. Yeye aliniita hasira tupu isiyo na breki. Mimi nilimwita mla panya. Kazini tuligawana pia: mimi mkono, yeye sikio. Kabureta pacha lazima zivute sawa, na Ngonyani alikuwa na kipande cha mpira, bomba jeusi refu la kufika kiunoni. Ncha moja anaiweka sikioni, nyingine anaielekeza kwenye mdomo wa kabureta, anafumba macho, anasikiliza hewa inavyopiga mluzi. Anahamia ya pili. Halafu ananiambia, "Ya mbele inaonewa, Mhehe, ikaze kidogo." Nami nakaza. Hakuna gari lililorudi.

Alipokufa tulimsindikiza kwao Songea. Nikafanya haki ya mtani. Jeneza lilipofika nilikuwa nimeshashuka kaburini, nimekaa chini, nimekunja miguu. Nikawaambia hazikwi huyu mpaka nilipwe. Wakanipa kuku, nikakataa. Wakanipa kofia yake, nikasema ina harufu ya panya. Mwishowe mjane wake, huku analia na kucheka, akatoa ule mpira. Nikaupokea, nikatoka. Nikatamka mbele ya watu wote, "Huyu siku akiutaka, aufuate mwenyewe."

Watu walicheka. Tangu siku ile mpira ukakaa kwenye msumari karibu na mlango wangu, na mimi nikawa mkono na sikio peke yangu.

Basi nikalala na viatu.

Naona niko gereji. Mlango uko wazi na ukungu umeingia mpaka ndani. Ngonyani amekaa juu ya pipa lake la oili, lile lililobonyea kwa makalio yake. Amevaa ovaroli safi, na katika maisha yake sikuwahi kuiona ovaroli yake safi. Ananawa mikono kwa petroli, kidole kimoja kimoja, taratibu, na ile petroli inashuka kutoka mikononi mwake na kuingia bakulini bila sauti. Juu yetu mvua inapiga mabati, naiona inavyoruka pembeni mwa paa, nayo haina sauti. Mahali pote pamezibwa pamba.

Sikushtuka kumwona. Nilimwambia, "Mngoni, umekuja kwetu, huko panya wamekwisha?"

Hakucheka. Hapo ndipo nikaogopa. Mtani akija bila kicheko, ujue utani kauacha nje.

Akanyoosha mkono unaodondosha petroli. "Nirudishie mpira wangu."

Nikageuka kwenye msumari. Msumari upo, mpira haupo. Nikapapasa ukuta, labda umeanguka, na ukuta ukawa laini mkononi, mwekundu, wenye mizizi iliyokatwa. Ni udongo. Niko Songea, ndani ya kaburi, nimekunja miguu kama siku ile. Watu wamejaa huko juu, nawaona nyayo. Ngonyani amekaa pembeni yangu, magoti yake yanagusa yangu, baridi.

Wanakuja wamebeba. Nikainua macho kuona jeneza, na si jeneza. Wamebeba gari. Gari langu, limefungwa boneti, limeng'aa nilivyoling'arisha, liko mabegani mwa wanaume, na Neema yuko kwenye usukani amejifunga kitambaa kichwani, ananipungia mkono kama mtu anayekwenda safari njema. Wanalileta ukingoni. Nikapiga kelele walishushe pembeni. Kinywa kilifunguka, na hakuna kilichotoka. Nikataka kusimama, miguu ikakataa kukunjuka.

Ngonyani akaniinamia. "Siku ile walikuomba utoke, ukagoma. Leo unakimbilia wapi?"

Gari likainama. Udongo nao ukainama pamoja nalo, ukawa lami, na lami inateremka.

Tuko Kitonga. Nimekaa kiti cha kushoto, Neema anaendesha. Lori mbele, lori nyuma, ukuta, bonde. Upepo unapeperusha kitambaa chake na mimi siusikii. Anazungumza, midomo inacheza, anacheka. Mimi naitikia kwa kichwa. Naitikia kama ninavyoitikia kila siku watu wanapozungumza na mimi sikupata neno, naitikia dukani, naitikia msibani, naitikia mezani kwangu. Ananigeukia, anarudia. Nikasoma midomo yake: Baba, unasikia? Nikaitikia kwa kichwa.

Ngonyani yuko juu ya boneti. Amekaa ametugeuzia uso, ameipa barabara mgongo, na ovaroli yake safi inalowa kutoka chini, doa linapanda magotini, linapanda mapajani. Mpira anao yeye. Ameweka ncha moja kwenye boneti na nyingine sikioni, amefumba macho, kama alivyokuwa akifanya. Nangoja aseme ya mbele inaonewa, niikaze, yaishe. Hasemi. Uso wake unabadilika kidogo kidogo, unakuwa uso wa mtu anayesikia kilio kwa jirani na hajajua ni nani.

Akafumbua macho. Akautoa mpira sikioni mwake, akaunyoosha juu ya kioo, nao ukarefuka mpaka ukanifikia, akanitia sikioni.

Tik. Tik. Tik.

Ilikuwa sauti ya kwanza usiku mzima. Haikimbii, haichoki. Na chini yake kuna nyingine, ndogo, ya kitu kinachodondokea kitu cha moto. Tik. Chsss. Tik. Chsss.

"Tangu lini?" namwuliza, na safari hii neno likatoka.

"Tangu ulipofunga."

Akatia mkono kifuani, akatoa boya, akaniwekea kiganjani. Zito kama jiwe la kusagia. "Tikisa."

Nikalitikisa sikio la kulia. Kimya. Nikalitikisa la kushoto. Kimya. Yeye ananitazama tu. Nikatikisa tena kwa hasira, na mkononi mwangu halikuwa boya, kilikuwa kibuyu cha mama yangu, na mimi ni mdogo, nimeingia jikoni kwa kunyata kutafuta kama togwa imebaki. Naweka kibuyu sikioni. Natikisa. Chwa, chwa. Ipo. Nasikia kuku nje, nasikia kuni zikipasuka, nasikia mama akikohoa kule nyuma ya nyumba na kandambili zake zikija. Nilikuwa nimesahau. Kila kitu kilikuwa na sauti yake na mimi nilikuwa nimesahau; zilinitoka moja moja bila kuaga.

Nataka nibaki pale. Lakini togwa inanivuja kwenye vidole, na ni ya baridi, na si togwa. Ni petroli. Niko kwenye gari. Kwenye mianya ya boneti pamechungulia ulimi wa moto wa buluu, hauna moshi, mwembamba. Neema hajauona. Anaangalia lori la mbele, anacheka na jambo alilolisema mwenyewe. Nikamshika mkono asimame, na pa kusimama hapana. Ukuta. Bonde. Lori.

Ngonyani amekaa katikati ya ule moto na haumchomi.

"Mhehe," akasema, polepole, kama anavyosema mtu asiyetarajia kurudia. "Kimya si jibu."

Akaanza kuuvuta mpira wake. Unatoka sikioni mwangu, na tik inafifia, na chsss inafifia. Nikaidaka ncha. Nikavuta. Naye akavuta. Wazee wawili tunagombea kipande cha mpira juu ya moto, mtoto wangu yuko kwenye usukani, na mimi navuta kwa nguvu zangu zote kwa sababu nikiuachia sitajua tena kama anaungua. Ndipo akatabasamu, kwa mara ya kwanza, tabasamu lake la kishenzi la Kingoni, akaachia ghafla. Nikaenda chali.

Nikaangukia mgongo kitandani. Nimeshika blanketi kwa mikono miwili, viatu miguuni, jasho mpaka kwenye nyusi. Dirisha limeanza kuwa jeupe.

Taa za gari zikamulika ukuta.

Sikujua kama injini imeshawaka. Elewa hapo: mtu mwingine angekaa kitandani angesikiliza. Mimi niliruka. Kwenye mlango mkono wangu ukapita kwenye msumari ukaondoka na mpira, na sikumbuki kama niliuambia uuchukue. Uani matope yalitaka kuniangusha. Neema alikuwa ameshakaa, kitambaa kichwani, mkono kwenye ufunguo. Nikapitisha mkono wangu dirishani nikaufunika wake.

"Umewasha?"

"Shikamoo, Baba. Mbona unahema hivyo?"

"Nakuuliza umewasha injini?"

Akanitazama kama anatazama mgeni. "Bado. Nimefungua swichi tu. Ingekuwa imewaka si ungesikia?"

"Nisingesikia."

Neno hilo nilikuwa sijamwambia mtu. Wala mke wangu marehemu, wala daktari, wala Mungu. Lilinitoka pale uani, na mvua inanipiga kipara, na ardhi haikupasuka.

Neema aliuachia ufunguo. Alikuwa anangoja, na mimi nikaona kwamba alikuwa ananingoja siku nyingi.

"Sikio la kulia limekufa," nikamwambia. "La kushoto linachechemea. Shuka. Shika huu mpira, zunguka nyuma, weka ncha pale pampu ilipo, nyingine sikioni. Niambie unasikia nini."

Akashuka na viatu vyake vizuri vya safari kwenye matope. Akainama. Nikamwangalia usoni, sikuwa na kingine cha kuangalia.

"Inagonga, Baba."

"Haijanyamaza?"

"Haijanyamaza. Tangu nifungue swichi. Nilidhani ndivyo zilivyo gari za zamani."

Nikafunga swichi, nikang'oa ufunguo, nikautia mfukoni kwangu. Nikafungua boneti. Kabureta ya mbele ilikuwa imelowa, na ekzosi chini yake imelowa, inameta. Baridi bado, kwa sababu injini haikuwa imewashwa. Nikaigusa na kidole nikanusa: petroli.

Nikafungua kibakuli, nikalitoa boya, nikalifuta kwa shati. Zamani ningelitikisa. Nikampa yeye.

"Tikisa sikioni."

Akatikisa. Uso ukambadilika kidogo kidogo, na nikaujua ule uso; nilikuwa nimetoka kuuona juu ya boneti.

"Kuna kitu kinacheza ndani," akasema.

Tukaingia jikoni. Maji ya chai yalikuwa yanachemka; nikayaipua kwanza, nikayapeleka mezani mbali na moto, nikalizamisha boya kwa kijiko. Joto likaifukuza petroli iliyojificha, na kwenye mshono wa shaba vikatoka vipovu, kimoja, kisha kingine, vidogo kama mayai ya chawa. Hivyo niliviona vizuri sana. Macho yangu bado ni ya kijana, msije mkaniandikia maziko.

Neema alisimama nyuma yangu, mpira umemning'inia shingoni kama daktari.

"Nani kakwambia, Baba? Jana ulishafunga."

"Mngoni. Kaufuata mpira wake."

Anajua habari za kaburi na mpira, kila mtu hapa anazijua. Hakucheka. "Ukampa?"

"Tulivutana. Akaniachia."

Nilikausha boya, nikaenda kutafuta chuma cha kulehemu na waya wa risasi na bati wa kuziba lile tundu. Safari ilikuwa imeshakufa siku ile, na hakuna aliyeililia. Mlangoni nikasimama nikageuka, kwa sababu nilikuwa nimepewa ujumbe na sikuwa nimeufikisha.

"Huo mpira kaa nao," nikamwambia. "Na siku yoyote ukiniona naitikia kwa kichwa, usikubali. Niulize tena."

Akasema kitu. Nikaanza kuitikia kwa kichwa, nikajishika.

"Sema tena," nikamwambia.